Homa ya Mashine

Mtu hodari akishindwa, watu hukusanyika kama msibani. Wanamletea kiti, wanamletea maji, wanaulizana kwa sauti ya chini imekuwaje. Mnyonge akishindwa, mwamuzi anapanga kete upya na kuita wawili wengine. Nimecheza sataranji tangu nikiwa na meno ya utoto, nimeshindwa mara ambazo sitaki kuzitaja, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini nimeshindwa. Wanajua. Nimeshindwa kwa sababu ni mimi.

Hodari ni mdogo wangu. Chamani wanamwita Mashine, maana akishakaa mbele ya ubao hakohoi, hainuki, hatazami pembeni. Anakula kete za mwenzake moja moja mpaka mwenzake anaona haya kuendelea. Mimi wananiita Dada wa Mashine. Hebu fikiria! Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Nimembeba mgongoni. Mimi ndiye niliyemfundisha farasi anavyoruka na ngome inavyokwenda moja kwa moja, tena kwa ubao wetu wa nyumbani uliopoteza ngome moja, tukaweka kizibo cha chupa mahali pake. Leo natambulishwa kwa jina lake, na hilo jina lenyewe ni la kupachikwa.

Niseme mapema ili tusisumbuane: namwonea wivu. Si ule wivu wa kusema kwa kucheka, "Jamani, kiatu chako nakionea wivu." Hiki ni kijicho kamili, kinalala nami na kuamka nami, kisha kinanisindikiza mpaka kazini. Nina duka la dobi, na wateja husifu kola za mashati yangu kwa jinsi zinavyosimama. Wanadhani ni wanga. Ni hasira ile, naikandamizia kwenye pasi.

Kila mwaka chama chetu hufanya mashindano ya siku mbili katika ukumbi wa maktaba. Mshindi hupewa kikombe cha bati ambacho hata chai huwezi kunywea, lakini hupewa pia kiti cha ubao wa kwanza katika timu ya mji. Ubao wa kwanza ndio unaokutana na wakali wa miji mingine, na ndio unaopigwa picha. Mdogo wangu amekikalia kile kiti mpaka kimechukua umbo lake. Mimi hukaa ubao wa pili, bega kwa bega naye, na katika kila picha ya timu naonekana sikio. Mwaka huu nilikitaka kile kiti. Nilikuwa naamka kabla ya jua, napanga kete kwenye meza ya kukunjia mashuka, nacheza upande huu na upande ule, ndipo nafungua duka.

Siku ya kwanza ilianza kama kawaida. Mashine akashinda mchezo wake wa kwanza upesi, nami nikashinda wangu kwa jasho. Katika mchezo wa pili akapewa Muuza Nyama, mtu mnene mwenye moyo mwema ambaye hufikiri kwa kidole: anaipitishia kila kete kidole hewani kama anayechagua nyanya sokoni. Mimi nilikuwa meza ya tatu, napambana na karani wa mahakama. Siku hiyo nilibarikiwa. Nilimtoa malkia wangu aliwe, makusudi, na baada ya hapo mfalme wa karani hakuwa na pa kukimbilia. Hatua kama ile mtu huipata mara moja katika maisha yake. Nikainua kichwa nione nani ameiona.

Ukumbi mzima ulikuwa umenipa mgongo. Walikuwa wamejazana kwenye meza ya Mashine, ambaye alikuwa ameacha ngome yake wazi, Muuza Nyama akaila, na sasa mdogo wangu anamlaza mfalme wake kwa ncha ya kidole, ishara ya kukubali kushindwa. Muuza Nyama mwenyewe alishtuka kuliko wote. Alisimama, akaketi, akasimama tena, akasema, "Samahani."

"Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza," akasema mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu ambaye hakosi methali kwa tukio lolote.

Basi wakaanza. Mmoja akasema ni miwani mipya. Wa pili akasema mumewe yuko safarini, na mwanamke hawezi kufikiria wafalme wawili kwa wakati mmoja. Wakacheka. Wa tatu akasema hodari huchoka, kwa sababu kila anayekaa mbele yake huja na nguvu zake zote, naye hapati mchezo wa kupumzikia. Hilo halikuwa la kijinga, nalikubali. Lakini hakuna aliyesema, "Jamani, mmeona malkia wa Dada wa Mashine?" Karani ndiye pekee aliyeona, na yeye hakuwa na hamu ya kusimulia.

Tulikwenda kula nyumbani. Mimi na mama tunakaa pamoja. Mdogo wangu anakaa mtaa wa pili, lakini siku za mashindano huhamia kwetu ili mama amlee. Habari ilikuwa imeshatutangulia. Mama alimpokea mlangoni, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Una homa wewe."

"Sina, mama."

"Unayo. Macho yamekuingia ndani." Kisha akanigeukia. "Na wewe umefanyaje?"

"Nimeshinda. Zote."

"Ee, vizuri. Hebu mpe mwenzako maji ya moto na ndimu."

Nikampa. Nilikata ile ndimu kwa kisu kana kwamba imenikosea adabu.

Mchana ule Mashine alishinda mmoja na kutoka sare na mwingine, mimi nikaendelea kushinda. Asubuhi ya siku ya pili ndipo nilipoanza kuona kitu kisicho cha kawaida. Nimesema mdogo wangu hainuki kitini. Wengine wetu, tukishacheza hatua yetu na kubonyeza saa, tunazunguka ukumbini kutazama mbao za wenzetu mpaka zamu yetu irudi. Yeye kamwe. Lakini asubuhi ile alikuwa haketi. Anacheza, anabonyeza saa, anainuka. Na kila akiinuka, safari yake ni moja: kuja kusimama nyuma yangu.

Nilikuwa nacheza na mwalimu wa hesabu, mchezo mgumu, uliojaa kete katikati. Nikasikia harufu ya mafuta yake ya mgongo. Nikajua ni yeye hata kabla ya kugeuka. Kasimama pale, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua madaftari. Akaenda. Akarudi. Roho iliniuma. Yaani huyu, na kushindwa kwake kote, bado anaona ana haki ya kunisahihisha? Nikamtazama kwa jicho ambalo mteja akiniletea shati la rangi pamoja na jeupe hulijua. Akaondoka, lakini taratibu, shingo yake bado imeelekea ubaoni kwangu.

Alirudi kwake, akakaa, akamshika farasi wake bila hata kufikiri, akamrusha.

Ukumbi ukasema "Aaah!" kwa pamoja. Alikuwa amempeleka farasi mbele ya askari wa fundi bomba, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea asingempeleka. Alitaka kumrudisha, niliona mkono wake ukirudi juu yake. Lakini kwetu ukigusa umecheza, na sheria hiyo haijui jina la mtu. Fundi bomba akamla farasi, na baada ya hapo ikawa ni kuhesabu tu maiti.

Mimi nilimshinda mwalimu wa hesabu polepole, kwa kumsukuma askari mmoja mpaka mwisho wa ubao. Nilipoinuka, walikuwa tena wamemzunguka. Safari hii hawakutaja miwani. Walinong'ona.

"Kuna mkono wa mtu," akasema mmoja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," karani wa mahakama akaitikia, akitazama ukutani, huku akihakikisha nimesikia.

"Sema na mimi," nikamwambia. "Ukuta haujakukosea kitu."

"Mimi nimesema kikulacho. Nimekutaja?"

Nilimwombea mdogo wangu ashindwe, hilo sikatai. Nilimwombea kila siku mbele ya pasi. Lakini kuomba si kuroga, na kama maombi yangu yangekuwa na nguvu hiyo, karani angekuwa bubu tangu jana.

Mchezo wa mwisho ukatukutanisha mimi na yeye. Yeye kikombe kilishampita. Mimi nilikuwa juu, Muuza Nyama akinifuata. Mpinzani wake wa mwisho hakutokea, akapewa pointi yake bure, akavuta kiti karibu na meza yetu akae kutazama. Hesabu ilikuwa nyepesi: nikishinda, au hata tukitoka sare, kikombe na ubao wa kwanza ni vyangu. Nikishindwa, ni vya Muuza Nyama.

"Mshukuru Mungu umempata akiwa mgonjwa," mwenyekiti akaniambia wakati wa kupanga kete. Alidhani ananitakia heri.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba simtaki mgonjwa. Nilikuwa nimemngoja miaka yote, na nilimtaka mzima, mwenye macho yake mawili na meno yake yote. Ningemshinda akiwa na homa, kesho wangesema nimeishinda homa.

Basi nilipata nilichotaka. Mashine alikaa. Hakuinuka hata mara moja. Mikono kwenye mapaja, macho ubaoni, akacheza kama yule yule wa siku zote, na mimi nikaanza kuzama. Kwanza askari, kisha uwanja wa katikati, kisha ngome zake mbili zikapanga mstari zikielekea kwa mfalme wangu. Homa gani hii? Muuza Nyama alianza kujipangusa uso kwa furaha, naye ni mtu asiyejua kuficha.

Nilifika mahali nikajua nimekwisha. Sikuwa tena nafikiria hatua; nilikuwa natafuta uso wa kushindwa nao. Sikutaka kumtazama yeye, sikutaka kumtazama Muuza Nyama, wala mfalme wangu sikutaka kumwona. Nikayapumzisha macho kwa farasi wangu aliyekuwa amekwama pembeni kabisa mwa ubao, hana faida kwa yeyote. Nilisogeza askari mmoja ili tu niwe nimesogeza, nikabonyeza saa, nikarudi kwa farasi wangu. Nilijiambia: akicheza hatua moja zaidi namlaza mfalme.

Hakucheza. Saa yake ikawa inakwenda. Alinitazama usoni, akayafuata macho yangu mpaka kwa yule farasi, akamtazama, akanitazama tena. Alikunja kipaji. Alinyoosha mkono kuelekea ngome, akaurudisha. Saa inakwenda. Kisha akanyoosha mkono ule ule juu ya ubao, kwangu.

"Sare?"

Nilimpa mkono kabla hajamaliza neno.

"Familia!" Muuza Nyama akapaza sauti, akitupa mikono juu. "Si nilijua? Damu nzito kuliko maji!"

"Kamhurumia dada yake," watu wakasema, na walisema kwa mapenzi, kwa kumsifu yeye. "Hata akiumwa ana roho nzuri." Mwenyekiti akaita, "Mshindi wetu mwaka huu, Dada wa Mashine!" Walipiga makofi ya adabu. Kisha akawaomba wote wamtakie Mashine afya njema, na hapo makofi yaliezua paa.

Nilibeba kile kikombe mpaka nyumbani nikiwa nimekishika shingo. Mama alikuwa sebuleni na jirani. Mdogo wangu alikwenda jikoni, nikamfuata, nikafunga mlango.

"Ulinihurumia?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuwa nimekwisha. Hatua moja zaidi ningemlaza mfalme. Ukanipa sare ili wakusifu wewe hata kikombe kikiwa mkononi mwangu. Kichukue basi, unywee dawa yako!"

Aliniangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Umekwisha? Wewe? Dada, usinidhihaki. Ulikuwa unamtazama yule farasi wa pembeni. Umekaa kimya, huna wasiwasi, unamtazama tu. Nikatafuta anakwenda wapi, nikatafuta, sioni. Nikasema huyu ameshaona kitu, nikimgusa tu nimekwisha. Ndiyo nikaomba sare."

Nilikuwa namtazama yule farasi kwa sababu tu alikuwa mbali na uso wake.

"Kwa hiyo homa..."

"Sina homa mimi!" akasema, kisha akashusha sauti kwa sababu ya mama. "Homa yangu ni wewe. Kila nikija hapa nasikia nini? Mwenzako anaamka kabla ya jua kucheza. Mwenzako ana duka lake. Mwenzako ndiye anayenitunza, wewe unakuja kula tu. Mama anakusifia kwangu mpaka chakula kinanikwama."

"Mama? Ananisifu mimi?"

"Usijifanye hujui."

Naapa nilikuwa sijui. Nyumba moja, jiko moja, na sifa zangu zote zilikuwa zinapelekwa mtaa wa pili. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alipanda kigoda, akautoa juu ya kabati ubao wetu wa zamani wenye ngome ya kizibo, akaanza kupanga kete mezani kati ya vikombe. Vidole vyake vilikwenda haraka bila kusita. Nikautambua mpango ule. Ulikuwa mchezo wangu na mwalimu wa hesabu.

"Nimecheza mashindano mazima mgongoni kwako," akasema. "Nacheza hatua yangu, naona moyo hautulii, nakuja kutazama umefikia wapi. Hata ngome aliyoila Muuza Nyama niliiacha hivyo hivyo. Na leo asubuhi nikakuta hii."

Alimchukua farasi wangu wa katikati, akamrusha, akamtua karibu na mfalme wa mwalimu. Kutoka pale alimtishia mfalme na malkia kwa pamoja. Mchezo ulikuwa umekwisha pale pale, asubuhi, kabla hata chai haijapoa.

"Nikangoja uicheze," akasema. "Hukuicheza. Umekaa tu unaitazama. Nikaenda, nikarudi, hujaicheza. Nikawaza, mtu anaachaje kitu kama hiki? Lazima ameona kikubwa zaidi. Nikarudi kwangu natafuta hicho kikubwa, kichwa chote kiko kwenye ubao wako, na mkono wangu ukamshika farasi ukamrusha pale pale. Kwenye ubao wangu! Nimecheza hatua yako, Dada, kwenye mchezo wangu."

Nilimtazama farasi. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko malkia niliyemtoa siku ya kwanza, kuliko kitu chochote nilichowahi kucheza. Mimi nilikaa mbele yake asubuhi nzima, nikatoka jasho, nikamsukuma askari hatua kwa hatua, na sikumwona. Mdogo wangu alipita tu, amesimama, mchezo wake mwenyewe unamngoja, akamwona. Kumbe hata kosa lililomwangusha lilikuwa bora kuliko ushindi wangu. Kile kijicho changu, kilichokuwa kimeanza kulala tangu aliposema mimi ndiye homa yake, kiliamka, kikanyoosha viungo, kikakaa mahali pake.

"Sasa niambie," akasema. Alikuwa ananisihi kabisa. "Mwaka mzima nitakosa usingizi. Uliiona, sivyo? Uliona nini zaidi, mpaka ukaiacha?"

Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia, akaona vikombe vimesukumwa na kete zimejaa mezani.

"Nyie na mbao zenu! Huyu anaumwa bado unamchosha? Mpe mwenzako maji ya moto."

Nikawasha jiko. Nikakata ndimu, safari hii taratibu, nikaongeza na asali. Nikaweka kikombe mbele ya mdogo wangu, karibu na farasi, nikapangusa mikono yangu.

"Niliiona," nikamwambia. "Niliiona kabla hata hujaja kusimama nyuma yangu. Ile ilikuwa ndogo."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho yakarudi ubaoni, yakaanza kutafuta.

Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Si nilisema?" akaniambia. "Sasa inapanda."